Suti ya Februari, sweta kwenye kiti

Ukiingia ofisi za vioo za katikati ya Dar es Salaam mwezi Februari, angalia migongo ya viti kabla hujaangalia watu. Kwenye viti vya kina dada utakuta sweta, shali, au khanga iliyokunjwa vizuri. Nje ni nyuzi 32 na kaskazi imekuja na unyevu wote wa bahari. Ndani, dada wa mapokezi kajitanda kama yuko Njombe mwezi wa saba. Hatua chache kutoka kwake, bosi mwenye suti kamili anashusha AC hadi 18, na bado anajifuta shingo.

Mijadala yetu kuhusu mavazi ya kazini karibu yote huanzia kwenye heshima: nani kabana, nani kavaa fupi, nani hakuchomekea. Ni mjadala halali, ila unaruka swali la gharama: nguo ile inamtoza nani? Suti ni nguo ya nchi za baridi. Koti lina bitana, chini ya koti kuna shati, chini ya shati kuna singlendi, na shingoni kuna tai inayoziba njia ambayo hewa ya moto ingetokea. Wataalamu wa hewa ya majengo hupima nguo kwa kipimo kiitwacho clo: suti kamili ni kama 1, suruali nyepesi na shati la mikono mifupi ni kama nusu yake. Nusu hiyo ni sawa na karibu nyuzi tatu za joto la chumba. Mwenye shati anaweza kukaa kwa raha kwenye 26 pale ambapo mwenye suti anadai 23. Bili ya umeme inalipwa na ofisi, na mwenye gauni jepesi aliyekaa chini ya mdomo wa AC analipa kwa kutetemeka.

Wala si kudeka. Mwaka 2015 watafiti wawili wa Uholanzi, Boris Kingma na Wouter van Marken Lichtenbelt, walionyesha kwamba hesabu zinazotumika kupanga ubaridi wa maofisi zilijengwa juu ya mwili wa mfano wa mwanamume wa miaka 40 na kilo 70, na kwamba zinakuza kiasi cha joto ambalo mwili wa mwanamke hutoa akiwa amekaa kazini. Ongeza suti juu ya mwanamume huyo, na sweta kwenye kiti inajieleza yenyewe.

Japani walilishika jambo hili kwa upande wa rimoti. Kiangazi cha 2005 serikali ya Junichiro Koizumi, Yuriko Koike akiwa waziri wa mazingira, ilianzisha kampeni iitwayo Cool Biz: AC za ofisini ziwekwe 28, na wafanyakazi waache koti na tai. Waziri Mkuu mwenyewe akaonekana hadharani shingo wazi. Watengeneza tai walilalamika, na huwezi kuwalaumu. Baada ya ajali ya nyuklia ya Fukushima mwaka 2011, umeme ulipokuwa wa kubana, masharti yakalegezwa zaidi, hadi fulana za kola na mashati ya maua. Ninavyoona mimi, nguvu ya mpango ule ilikuwa kwenye shingo ya Koizumi kuliko kwenye namba 28. Mkubwa asingevua, hakuna karani ambaye angevua.

Na hapo ndipo upande wa pili una hoja nzito, ambayo sisi tunaopigia debe mashati mepesi hatupendi kuigusa. Kulegeza mavazi huwafaidi kwanza wale wasiohitaji mavazi kuheshimiwa. Mkurugenzi akija na shati la kitenge anaitwa mtu wa watu. Mhudumu wa masjala akivaa lilelile anaulizwa kama leo ana harusi. Kijana wa Mbagala anayekwenda usaili Posta hana jina, hana gari, hana mjomba ghorofa ya tisa. Ana suti moja ya mtumba, na ndiyo inayomfanya mlinzi wa getini amwambie "karibu, kaka" badala ya "unamtafuta nani?" Ukimwambia avue koti kwa ajili ya afya yake, unamvua kitu kikubwa kuliko koti. Tena sare huokoa fedha: suti mbili na mashati manne yanakutosha mwaka mzima. Waulize wanawake, ambao hawakupewa sare hiyo, wanatumia kiasi gani ili wasirudie gauni Jumatatu na Alhamisi.

Kwa watumishi wa umma kuna pia mwananchi wa upande wa pili wa dirisha, aliyetoka mbali kufuata hati yake. Ana haki ya kuona kwamba anayemhudumia ameichukulia kazi yake kwa uzito. Waraka wa serikali wa mwaka 2007 kuhusu mavazi ya watumishi, ambao mabango yake hadi leo yako kwenye milango ya ofisi nyingi, umesimama juu ya wazo hilo. Watu huucheka, lakini kwa jambo moja, pengine bila kukusudia, uko upande wa wenye joto: unakataza nguo za kubana. Jasho hutupoza linapokauka, na ili likauke hewa lazima ipite kati ya nguo na ngozi. Hewa ya pwani tayari ina maji mengi, kwa hiyo jasho linakauka kwa shida. Ukiongeza suruali ya poliesta iliyogandamana na paja, halikauki kabisa. Sitara na ubaridi si maadui. Kanzu ya pamba inafunika karibu mwili wote na ni nyepesi kuvaa kuliko shati la kubana la mikono mifupi.

Kwa hiyo sikubaliani na anayesema urasmi lazima ufe ili tupumue. Muscat, mji mkuu wa Oman, ambako kiangazi joto hupita nyuzi 40, ofisa wa serikali huingia kazini na kanzu nyeupe ya dishidasha na kilemba, wala hakuna anayemwona amevaa kihuni. Urasmi wao una nguo inayojua jua. Sisi tulikaribia kupata ya kwetu enzi za Kaunda suti: koti lisilo na tai, mara nyingi la mikono mifupi. Rais William Ruto alipoirudisha kwenye mtindo Kenya, Spika Moses Wetang'ula aliizuia bungeni Novemba 2023, akasisitiza koti, kola na tai. Nairobi iko juu karibu mita 1,700, Julai watu wanavaa masweta, na tai haimsumbui mtu sana. Taabu ni kwamba kipimo cha urasmi hushuka kutoka huko hadi Mombasa, usawa wa bahari, bila kupunguziwa hata kifungo.

Kuna safari pia, ambayo waandishi wa kanuni huisahau kwa sababu wao hushuka kwenye gari lenye AC hadi lifti. Mwingine kasimama kwenye mwendokasi tangu Kimara, na shati lililopigwa pasi alfajiri limeshalowa kabla ya Magomeni. Wajanja huja na fulana na kandambili, shati likiwa kwenye mfuko, wakabadilisha chooni. Wanavaa singlendi ya pamba ili inywe jasho kabla halijatokeza, na wanakwepa rangi ya kijivu, maana kijivu husema kila kitu. Nyeupe hutunza siri. Kitani ni kizuri kuliko vyote ila hukunjamana ukiwa bado kituoni. Ofisi inayodai unadhifu ingeweza angalau kuwatengea watu hawa chumba cha kubadilishia, chenye ndoano tatu na kioo.

Nikilazimishwa kuchagua, ningeanza na mkubwa na rimoti. AC iwe 25 au 26, bosi aache koti Desemba hadi Machi, na kanuni itaje kwa maandishi nguo nyepesi inayokubalika, ili karani asitegemee huruma ya mtu. Koti libaki hiari. Yule kijana wa usaili avae suti yake kama anaitaka.

Niliwahi kuona jaribio lake bila mtu kulipanga. Ilikuwa saa nane mchana, jengo moja la vioo, madirisha hayafunguki. Umeme ukakatika, jenereta ikabeba kompyuta na lifti tu. Baada ya dakika kumi makoti yakaenda kwenye viti. Baada ya ishirini bosi akalegeza tai, kisha akaivua akaiweka mfukoni. Wateja waliendelea kuja, wakahudumiwa, wakaondoka na risiti zao, na mmoja akatania kwamba leo mmekuwa binadamu. Dada wa mapokezi alikuwa amevua sweta, mara ya kwanza tangu Januari. Saa kumi umeme ukarudi, AC zikanguruma. Bosi akatoa tai mfukoni, akaenda kujitazama kwenye kioo cha lifti.