Menora Chini ya Mti wa Krismasi

Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi iliyotoka Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania, kuhusu mapambo mawili ya msimu wa Krismasi. La kwanza lilikuwa pango la Noeli, yaani sanamu za kuzaliwa kwa Yesu, mali ya chama cha Wakatoliki, lililowekwa kwenye ngazi kuu za jengo la mahakama ya kaunti, na juu yake malaika aliyeshika maneno ya Kilatini ya kumtukuza Mungu. La pili lilikuwa menora, yaani kinara cha sikukuu ya Kiyahudi ya Hanukkah, chenye urefu wa futi 18, mali ya kundi la Kiyahudi la Chabad, kilichosimamishwa nje ya jengo la ofisi za jiji na kaunti kando ya mti wa Krismasi wa futi 45 na kibao cha meya kilichosifu uhuru. Kwa kura tano dhidi ya nne, majaji walilikataa pango, kwa kuwa katiba hairuhusu serikali kuunga mkono dini. Kwa kura sita dhidi ya tatu, wakairuhusu menora.

Wapo wanaoihesabu hukumu hiyo kuwa ushindi wa dini za wachache. Mimi, Mwislamu niliyelelewa pwani ya Afrika Mashariki, mahali ambapo Idi na Krismasi zote mbili ni siku za mapumziko kitaifa, siioni hivyo, na kinachonizuia ni sababu zilizotolewa. Jaji Harry Blackmun alieleza kwamba mti ndio uliotawala mandhari yote, kwamba mti wa Krismasi umekwisha kuwa pambo lisilo la dini, na kwamba menora kando yake ilionyesha tu kuwa Hanukkah nayo ni sehemu ya msimu uleule wa sikukuu za majira ya baridi. Jaji William Brennan, aliyetaka vyote viwili viondolewe, alishikilia kuwa menora ni alama ya dini popote inaposimama. Naona yeye ndiye aliyewaheshimu Wayahudi zaidi, ingawa kura yake iliwapinga waliokileta kinara. Menora ilikaribishwa barazani kwa sharti la kuivua dini yake mlangoni pamoja na viatu.

Hanukkah inakumbuka kutakaswa upya kwa Hekalu la Yerusalemu katika karne ya pili kabla ya Kristo, baada ya Wamakabayo, wapiganaji wa Kiyahudi, kumwasi mfalme aliyewataka Wayahudi waache desturi zao na kufuata za watawala. Sikukuu ya watu waliokataa kumezwa imepewa nafasi kwa hoja kwamba imekwisha kumezwa. Isitoshe, kwa mizani ya Wayahudi wenyewe, Hanukkah ni sikukuu ndogo kuliko Yom Kippur, siku yao ya toba, au Pasaka yao, lakini hizo kubwa hazipati kinara mbele ya ofisi za jiji, kwa kuwa haziangukii Desemba.

Sisi Waislamu tumepita njia hiyohiyo. Desemba 1997, mwezi na nyota viliwekwa kwa mara ya kwanza katika uwanja ulio karibu na Ikulu ya Washington, pamoja na mti wa taifa na menora, na haukupita muda mrefu mtu akavichafua kwa kuchora alama ya Wanazi. Rais Bill Clinton alilaani kitendo hicho, na alistahili kukilaani. Hata hivyo, mwezi na nyota havina nafasi yoyote katika ibada yetu. Nasi tunavitambua kwa kuvizoea juu ya misikiti na katika bendera. Maonyesho ya Desemba yanadai kila dini ilete kifaa cha kusimamishwa, hata ile ambayo kiini chake ni kufunga, kusali na kutoa zaka. (Msomaji wa Kiswahili atatabasamu akikuta katika safu hiyohiyo kinara cha Kwanzaa chenye mishumaa saba, ingawa Kwanzaa, iliyoanzishwa mwaka 1966, ni sikukuu ya utamaduni ya Wamarekani Weusi na si ya dini.)

Njia nyingine ni serikali kutokuwa na pambo lake, ila kuacha uwanja wazi kwa kila anayeomba. Njia hii ina gharama, na Columbus, Ohio, waliilipa. Mwaka 1993 bodi ya uwanja wa makao ya serikali ya jimbo iliruhusu mti na menora, ikaukataa msalaba wa Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi wa rangi. Mahakama iliamuru wapewe kibali, na mwaka 1995 Mahakama ya Juu ilikubaliana na amri hiyo kwa kura saba dhidi ya mbili. Jaji Clarence Thomas alikubali matokeo, lakini akasema wazi kwamba kwa Klan msalaba ule ulikuwa chombo cha siasa. Baada ya Klan kupewa kibali, watu wengine waliomba kusimamisha misalaba yao uwanjani hapo, nao wakaruhusiwa. Pamoja na uchungu wote wa tukio hilo, nalipendelea kuliko lile la Pittsburgh, kwa sababu kila mtu alijua alama ni ya nani na inasema nini, na hakuna jaji aliyelazimika kuigeuza imani ya mtu kuwa pambo.

Sharti langu ni kwamba uwanja uwe wazi mwaka mzima. Idi el-Fitri hurudi nyuma kwa takriban siku kumi na moja kila mwaka. Iliangukia Desemba kuanzia mwaka 2000 hadi 2002, na haitarudi katika mwezi huo hadi mwaka 2033. Halmashauri inayotaka kuniaminisha kuwa inatutendea sawa iandike kanuni moja fupi: mwenye alama ailete mwenyewe, ailipie, aweke kibao chenye jina lake, kipimo kiwe kimoja kwa wote, na ombi la Machi lijibiwe kwa muda uleule linaojibiwa ombi la Desemba. Mti wa Krismasi nao uombewe kibali na kanisa linaloutaka, au na chama cha wafanyabiashara, ambao naamini wangekuwa wa kwanza kwenye foleni.