Shilingi arobaini za neti

Jumamosi mgombea mmoja alisimama juu ya gari sokoni kwetu akasema, "Cha bure hakithaminiwi. Mwananchi lazima achangie kidogo." Watu wakapiga makofi. Shangazi yangu, auzaye omena hatua chache kutoka pale, naye akapiga. Nilirudi nyumbani nimekasirika hadi chakula hakikupita.

Swali la kama ada ndogo humfanya mtu athamini huduma ya afya lilishajibiwa, tena hapa hapa magharibi mwa Kenya. Watafiti wa uchumi Jessica Cohen na Pascaline Dupas walipeleka neti za mbu katika kliniki za wajawazito: kwingine bure, kwingine kwa bei ndogo, ya juu kabisa shilingi 40. Arobaini! Bei ilipofika hapo, waliochukua neti walipungua kwa 60 katika kila wanawake mia. Na walionunua hawakuzitumia zaidi ya waliopewa bure. Utafiti ulichapishwa 2010. Busia nako, wazazi walipotozwa ada ya dawa ya minyoo, watoto walionyweshwa dawa walishuka kutoka 75 hadi 19 hivi kwa mia. Michael Kremer, mmoja wa waliofanya kazi hiyo, ni mmoja wa waliopata Nobel ya uchumi 2019. Watoto waliohesabiwa ni wetu, na sisi ndio hatujasimuliwa.

Mama anayekosa arobaini namjua. Neti anaithamini sana. Lakini arobaini hiyo ndiyo mafuta ya taa na chumvi ya jioni hii, mtoto analia sasa, na malaria bado haijabisha hodi.

 Leo nazungumzia SHA, bima ya afya ya serikali, na jasho la mchuuzi anayetakiwa kulipa angalau shilingi 300 kwa mwezi, tena za mwaka mzima kwa mkupuo. Haya, nakubali: hospitali si neti, daktari lazima alipwe, na fedha zina mahali pa kutoka. Agosti 2027, kwenye uchaguzi, tubishane zitoke wapi. Ila asisimame mtu tena kutuambia kwamba ada ndogo inamfundisha maskini kuthamini uhai wake.

Usiku nilimsimulia shangazi habari za zile kliniki. Alikaa kimya, akipepeta omena za kesho.

"Na mheshimiwa anayajua haya, mwanangu?"

Nikamwambia amuulize. Jumamosi anarudi, naye shangazi ameshasema atakaa mbele.