Aliyeahidi Kesho, Meza Namba Moja

Mpwa wangu anajifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, na hajawahi kuniletea swali lake likiwa zima. Huniletea kipande. Atapiga picha ya skrini kwa simu, kiupandeupande, mwanga wa taa umetua palepale penye maneno mekundu, na chini yake ataandika: "Shikamoo mjomba. Imegoma." Nikimuuliza imegomaje, ananijibu, "Yaani imegoma tu, mjomba." Nikimuuliza imeandika nini, anatuma picha nyingine. Safari hii imekatwa juu, umebaki mkia wa sentensi pamoja na kidole gumba chake.

Simlaumu. Wanaoanza wote ndivyo walivyo, na pale mtaani nimewasaidia wengi: vijana wa vyuo, watu wa kozi za jioni, dada mmoja wa saluni aliyetaka programu ya kupanga miadi ya wateja wake. Yanayowasumbua ni yaleyale. Mmoja amenakili mistari kutoka WhatsApp, alama za kunukuu zimejipinda zikawa za mapambo, na Python inazikataa kama konda anavyoikataa noti iliyochanika. Mwingine amechanganya nafasi na tabo mwanzoni mwa mistari. Kwa macho yake kila kitu kimenyooka, kwa Python ni vurugu tupu. Mwingine anasomea kitabu cha mtumba cha enzi za Python ya pili, toleo la zamani, anaandika print, amri ya kuonyesha maneno, bila mabano, hana habari kwamba ya tatu ilitoka Desemba 2008 na ya pili ilikoma kuhudumiwa Januari 1, 2020. Na mpwa wangu huyu aliwahi kuliita faili lake csv.py, kisha ndani yake akaandika import csv, yaani niletee zana ya Python iitwayo csv. Programu ikawa inajiita yenyewe, inajipekua, haijikuti na kitu, inalalamika. Nilipomwambia dawa ni kubadilisha jina la faili, alidhani namtania.

Basi kaka yake akataka kuoa.

Kamati ikaundwa, vikao kila Jumapili, mwenyekiti mwalimu mstaafu wa hisabati, mweka hazina shangazi yao, mwanamke mwenye kaunta buku moja na kalamu mbili, nyeusi ya waliotoa na nyekundu ya wadaiwa. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri tu. Ndipo mpwa wangu akanyoosha mkono. Akasema haya ya daftari yamepitwa na wakati, anaomba michango aiweke kwenye mfumo. Kamati ikapiga makofi. Hakuna aliyeuliza mfumo gani.

Mwenyekiti naye akapata wazo: kwa kuwa mfumo upo, meza za ukumbini zipangwe kwa uzito wa mchango. Aliyetoa zaidi akae mbele, na meza ziitwe kwenye chakula kwa namba zake. Mimi wazo lile sikulipenda na nililisema palepale. Nikaombwa nikae, kwa maelezo kwamba ahadi yangu mwenyewe ilikuwa bado nusu.

Sasa, ili uelewe kilichotokea, ni lazima ujue daftari la shangazi lilivyokuwa. Safu ya kiasi ilikuwa na kila kitu. Penye fedha aliandika kama sisi sote tuandikavyo, 50,000/=, na mkato wake na mkwaju wake. Jirani yetu fundi cherehani alituma elfu kumi kwa simu; shangazi, mtu wa haki, akaandika kilichomfikia mkononi baada ya makato: 9,000/=. Mzee mmoja mwenye duka la mabati, rafiki wa familia tangu zamani, alitoa 1,000,000/= taslimu, na shangazi akaipigia mstari chini mara mbili. Babu yao wa Singida hakutuma fedha. Akaandikiwa "mbuzi beberu". Na kuna shemeji mmoja, simtaji, ambaye kila akipigiwa simu alikuwa na jibu moja, na shangazi kwa hasira akaliandika kama lilivyotamkwa, kwenye safu ileile ya kiasi: "nitatuma kesho".

Mpwa akayachapa yote hayo kwenye faili, neno kwa neno. Halafu akaanza kunitafuta.

Picha ya kwanza ilikuja usiku. ValueError, yaani kosa la thamani. Python ilikuwa imeambiwa igeuze 50,000/= kuwa namba kamili, na Python haijui mkato wala mkwaju wa shilingi. Nikamwambia aviondoe kwanza kwa replace, amri ya kubadilisha herufi, ndipo aite int, ile ya kugeuza maandishi kuwa namba kamili. Akaondoa. Programu ikakimbia vizuri kutoka mstari hadi mstari mpaka ikagonga kwa babu. "Mjomba, inasema mbuzi si namba." Nikamwambia hapo iko sahihi, na nikalala nikijua kijana ameelewa.

Hakuelewa. Mwenzake wa chuoni alimpa dawa ambayo kila anayeanza hupewa na mwenzake wa chuoni:

try:
    kiasi = int(kiasi)
except:
    pass

Maana yake: jaribu kugeuza, ikishindikana, nyamaza, songa mbele. Ni dawa ya kuzima king'ora huku moto ukiwaka. Maneno mekundu yakaisha, orodha ikabaki na namba za watu waliotoa fedha, na katikati yake kasimama mbuzi, na pembeni ya mbuzi shemeji.

Jioni yake nilikuwa ndani ya mwendokasi kuelekea Kimara, nimesimama kwa mguu mmoja, kwapa la mtu liko usoni kwangu, simu ikalia. Ameamuru orodha ijipange kutoka mkubwa kwenda mdogo, nayo imekataa: haiwezi kulinganisha maandishi na namba. Python ya pili ingepanga bila kuuliza, ingeweka kila namba upande wake na kila neno upande wake, mambo yakaisha. Hii ya tatu ina mdomo, na mimi naipendea mdomo huohuo. Nikamjibu kwa kidole kimoja: "Zifanye zote ziwe aina moja."

Naomba ushauri ule usomwe tena polepole, kwa sababu baadaye ulisomwa mbele ya wazee. Ni ushauri sahihi. Uko kwenye kila somo la mwanzo. Aina moja, kwa mtu yeyote anayepanga fedha, ni namba.

Mpwa wangu akazifanya zote maandishi.

"MJOMBA IMEKUBALI!!!" akaandika. Sikuona picha, maana waliofanikiwa hawapigi picha. Nikampongeza.

Siku ya sherehe nilifika ukumbini mapema kidogo nikakuta orodha imebandikwa mlangoni, imechapwa kwa rangi, na watu wamejazana wakitafuta majina yao. Kulikuwa na ukimya usio wa kawaida. Nikapenya. Meza namba moja, kiti cha kwanza: shemeji. Kiti cha pili: babu wa Singida. Wakafuata watu wa elfu tisini, na nyuma yao tu fundi cherehani na elfu tisa yake, mbele ya wa themanini, wa sabini na tano na wa hamsini. Nikashuka na kidole, meza baada ya meza, laki mbili ziko baada ya elfu ishirini na tano, mpaka nikamkuta mzee wa mabati meza ya mwisho kasoro moja, karibu na jenereta. Amechanganywa na wa laki laki, na mgongoni mwake wamekaa wa elfu kumi.

Nilijua palepale. Maandishi hayapangwi kwa thamani, hupangwa kwa herufi, kuanzia kushoto, kama majina kwenye kamusi. 9000 na 1000000 zikiwa maandishi, Python inatazama tisa, inatazama moja, tisa ni kubwa, imemaliza kazi. Sifuri sita zinazofuata haizisomi. Ndiyo maana milioni, laki na elfu kumi zilikaa jirani, zote zinaanza na moja na sifuri. Na herufi ndogo zote huhesabiwa kuwa kubwa kuliko tarakimu yoyote: kwenye jedwali la kompyuta, ambamo kila herufi ina namba yake, tisa ni 57, m ni 109, n ni 110. Kwa hiyo mbuzi anamshinda kila mwenye fedha, na "nitatuma kesho" inamshinda mbuzi kwa herufi moja. Kijana angeianza ahadi ile kwa N kubwa, ambayo ni 78 tu, basi angalau mbuzi angeshika usukani.

Hakukuwa na muda wa kupanga upya. Maharusi walikuwa wameshaingia, MC ameshashika kipaza sauti, na MC husoma alichopewa.

"Meza namba moja! Hawa ndio nguzo za sherehe hii! Hawa ndio waliobeba!" Shemeji akasimama. Kwa haki nimsifu, hakusita hata kidogo. Akafunga kifungo cha koti, akapunga mkono, akafungua shampeni kwa niaba ya wachangiaji wote. Fundi cherehani alikuwa amejikunyata, anatazama mlango, nadhani akisubiri mtu aje kumwambia amekosea kiti. Babu peke yake ndiye alikaa kama mtu aliye mahali pake.

Kisha chakula. Meza moja ikaitwa, meza mbili ikaitwa. Unajua kinachotokea kwenye chakula cha kujipakulia kukiwa na watu wengi na wapakuaji wenye huruma: meza za mbele zinapata kuku, za katikati zinapata shingo za kuku, za mwisho zinapata habari za kuku. Mzee wa mabati alirudi na wali, kachumbari na ndizi moja. Akaiweka sahani chini taratibu, akamwita mwenyekiti kwa kidole.

Tulikutana nje kando ya jenereta, mwenyekiti, shangazi, mpwa na laptopu yake, na mimi niliyeburutwa kwa jina la mjomba. Kelele zilikuwa nyingi, tukawa tunapigiana kelele. Mwenyekiti akataka kujua ni nani aliyehujumu. Mpwa akafungua simu na kusoma kwa sauti ujumbe wangu wa mwendokasi.

"Nilisema aina moja," nikasema. "Sikusema aina ipi."

"Ndiyo maana ningependa ungesema," akasema shangazi.

Nikachukua laptopu, nikaandika mstari mmoja ili wazee waone wenyewe, '9000' > '1000000', nikabonyeza. Python ikajibu True, yaani kweli, ya kwanza ni kubwa. Mwenyekiti akainama, akavaa miwani, akasoma. Mtu aliyefundisha hisabati maisha yake yote. Akaivua miwani, akaipangusa kwa tai, akasoma tena.

"Hii," akasema, "imesomea wapi?"

Nikamwonyesha kwamba zikiondolewa zile alama za kunukuu jibu linakuwa False. Akanitazama kwa muda. "Kwa hiyo inajua," akasema. "Inajua, na imenyamaza." Sikuwa na la kujibu. Ni kweli ilijaribu kusema, mara mbili, kwa maandishi mekundu, ikazibwa mdomo na watoto wa chuo. Lakini huwezi kumweleza hayo mzee mwenye njaa karibu na jenereta.

Mzee wa mabati alipelekewa kuku kutoka jikoni, wawili, na kiti kikasogezwa mbele. Alikubali kuku, kiti akakikataa. Alisema huko nyuma amepata watu wa maana wa kuzungumza nao.

Siku ya kuvunja kamati, tulikaa kuandaa shukrani kwa wachangiaji, na mwenyekiti akasema orodha haitatoka mpaka aione ikipangwa mbele ya macho yake. Mpwa alikuwa ameshaitoa ile except, amerudisha int, na nilimpa heko kwa hilo. Mpwa akamwekea shemeji 0, bila mjadala. Akabonyeza. Ikatoka nyekundu.

"Mjomba," akasema, "mbuzi ni shilingi ngapi?"

Shangazi akasema elfu themanini. Mwenyekiti akasema kwa bei ya mnada wa Pugu beberu mzima hapungui laki na ishirini. Mtu akasema inategemea uzito, mwingine akauliza ngozi ilikwenda wapi, na shangazi akataka kujua anayeuliza ngozi alichangia kiasi gani. Ikaonekana heri aulizwe mwenyewe. Babu akapigiwa, spika ikafunguliwa, tukamwamkia wote kwa pamoja. Akasikiliza swali. Akakohoa. Akasema yule hakuwa mbuzi wa kuchinja, alikuwa beberu wa mbegu, baba wa zizi zima, na kwa kuwa ni ndugu zake hatataka faida: milioni moja na laki mbili.

Hakuna aliyethubutu kubisha. Mpwa akaandika 1200000, namba kamili, bila mkato wala mkwaju wala alama za kunukuu. Akabonyeza. Babu juu, mzee wa mabati wa pili, fundi cherehani chini kabisa, shemeji chini ya fundi.

Kijana akaitazama skrini, akanitazama mimi.

"Imekosea tena, mjomba?"

"Hapana," nikamwambia. "Safari hii imepanga sawasawa."