Huyu si ulishamuua?

Jana usiku narudia gemu ya Hellblade: Senua's Sacrifice kwa mara ya pili, mdogo wangu kakaa pembeni kimyaaa, hata simu hagusi, si unajua stori ile inavyokushika, Senua, dada wa watu, katundika kichwa cha mpenzi wake kiunoni anakipeleka kuzimu kwenda kuidai roho yake, nani atasinzia hapo. Mara tukafika kauwanja peupe. Mimi nikajua tu. Likatoka jitu limevaa fuvu la mnyama, nikaliua, likaja lingine, na lingine, dogo akachukua simu. Alipoinua macho akaniuliza, "Kaka, huyu si ulishamuua?"

Nikakosa jibu. Maana ni kweli bwana. Kwepa, piga, piga, teke, zuia, piga. Kile kioo chake cha kiunoni kikiwa tayari bonyeza, muda unavutika, malizia. Kidole gumba kinajiendea chenyewe, mimi nawaza mambo yangu. (Yale mafumbo ya kutafuta herufi kwenye miti na mbao nayo yanachosha, ila leo nayaacha.)

Najua mtaniambia uchovu ule ndo mateso ya Senua, eti tunatakiwa kuchoka naye. Haya, asanteni maprofesa. Mbona yeye anateseka mimi napiga miayo?

Kinachoniuma ni kwamba gemu yenyewe inajua kufanya vizuri! Vaa hedifoni. Skrini haina alama hata moja, haina mstari wa uhai, hakuna kitu, halafu sauti za kichwani mwake zinakupigia kelele kuna mtu nyuma yako, unageuka, na kweli yupo. Sauti zilezile zilizokuwa zinamcheka dakika mbili nyuma ndo zimemwokoa, na wewe umezisikiliza kama anavyozisikiliza yeye. Hapo stori iko ndani ya panga kabisa. Na pambano la mwisho (hujamaliza? ruka aya hii) maadui hawaishi, unaua, unaua, nilikomaa mpaka vidole vinatetemeka, kumbe kinachotakiwa ni ukubali kuanguka. Nilikaa na kontrola mapajani sijui hata niseme nini. Majitu ni yaleyale, mapigo ni yaleyale, lakini pale kurudiarudia kuna maana, kunamhusu yeye na huzuni aliyokataa kuiachia. Sasa yale mapambano ya katikati yananiambia nini ambacho sikukijua kwenye la kwanza?

Sawa, timu iliyoitengeneza ilikuwa ndogo, watu kama 20 tu, ikatoka 2017, na kuunda adui mpya ni hela. Nimekubali. Basi si mngeyapunguza nusu? Ingekuwa fupi zaidi, ndiyo, na iwe fupi! Nani aliwadai masaa?

Dogo alirudisha macho kwenye skrini baada ya jitu la mwisho kudondoka. Akauliza kapitwa na nini, nikamwambia hujapitwa na kitu.