Picha za utupu wa kisanaa: warsha ifundishe nini, na nani alindwe

Wapiga picha wengi wa Dodoma huishi kwa harusi, sendofu, mahafali ya vyuo na picha za pasipoti. Vijana wanaotaka kuvuka mipaka hiyo wanaweza kuvutiwa na mafunzo ya vitendo ya picha za utupu wa kisanaa, yanayotolewa Ulaya na Marekani, ambako mwalimu hukaa na wanafunzi wachache, mtu mmoja hulipwa ili apigwe picha bila nguo, na kila mwanafunzi hupata zamu ya kupanga taa na kupiga. Je, mafunzo ya namna hiyo yana nafasi hapa kwetu? Wengi hujibu kwa neno moja, ama uchafu ama sanaa, na mjadala huishia hapo kabla haujaanza.

Hoja ya wanaoyataka ni nzito kuliko inavyodhaniwa. Kamera hupima mwanga kwa kudhani kwamba kilicho mbele yake kina wastani wa kijivu. Ngozi nyeusi ikijaa kwenye fremu, kamera huongeza mwanga mpaka ngozi hiyo ipauke, na mpiga picha asiyejua sababu huilaumu lenzi. Ngozi nyeusi haipendezi kwa kumwagiwa mwanga mwingi, hupendeza kwa mng'ao. Taa pana huwekwa ubavuni, nyuma kidogo ya mwili, ili mstari mwembamba wa mwanga upite begani na kuteremka kandokando ya uti wa mgongo, huku upande wa pili ukiachwa gizani. Taa hiyo ikisogezwa nusu hatua kuelekea kamera, mstari unatanuka, kivuli kinakimbia, na mgongo unaonekana bapa kama ubao. Jambo hilo halieleweki kwa kusimuliwa. Lazima mkono ushike stendi na jicho lione tofauti. Aliyelimudu atampiga picha vizuri zaidi hata bibi harusi.

Wala si kweli kwamba mwili wa binadamu kama kazi ya sanaa ni jambo la wageni peke yao. Mpiga picha Rotimi Fani-Kayode, aliyezaliwa Lagos mwaka 1955 na kufariki London mwaka 1989, alipiga picha za miili ya wanaume weusi kwa kuchota katika imani za Wayoruba wa Nigeria, na kazi zake zinaheshimiwa hadi leo. Karibu zaidi na sisi, michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, ina maumbo ya watu yaliyorefushwa kwa rangi nyekundu.

Hata hivyo, wanaopinga wasipuuzwe kwa kuitwa washamba. Wakati wa ukoloni Waafrika walipigwa picha wakiwa nusu uchi, na picha hizo ziliuzwa Ulaya kama kadi za posta bila wenyewe kuulizwa. Mzee anayekunja uso akisikia habari ya kamera na mwili wa mjukuu wake ana sababu zaidi ya haya. Kisha kuna sheria. Kifungu cha 14 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinakataza kuchapisha ponografia kwa njia ya kompyuta, na hakuna anayeweza kumhakikishia mwanafunzi kwamba mpelelezi atakayeiona picha yake mtandaoni atavutiwa na namna taa ilivyopangwa.

Mimi naona pande zote mbili zinabishana juu ya nguo, ilhali tatizo lenyewe ni idadi ya kamera. Warsha yenye wanafunzi wanane ina kadi nane za kumbukumbu, kompyuta nane na watu wanane ambao kesho watagombana na wachumba, wataibiwa simu au watatafuta wafuasi. Hakimiliki ya picha kwa kawaida huanzia kwa aliyeipiga, si kwa aliyevua nguo, na Dodoma, pamoja na kuwa makao makuu ya nchi, bado ni mji ambao mtu hutambuliwa sokoni Majengo na shangazi wa rafiki yake.

Kwa hiyo ningeigawa kazi hii. Sehemu kubwa ya ufundi haihitaji utupu kabisa. Mpiga picha Mmarekani Edward Weston aliweka pilipili hoho ndani ya faneli la bati mwaka 1930, akapiga picha ambayo watazamaji wengi huiona kama mgongo wa mtu aliyejikunja. Na mwaka 1936 alipompiga picha Charis Wilson akiwa hana nguo, uso wa mwanamke huyo uliinama usionekane. Hoho linapatikana, na mgongo au mkono wa mtu aliyejifunga kaniki unatosha kufundishia ule mstari wa mwanga.

Sehemu inayobaki ifanywe na mwanafunzi mmoja kwa wakati mmoja, kwa kamera moja ya mwalimu, akiwepo mtu wa tatu aliyechaguliwa na anayepigwa picha. Kitambulisho kionyeshe kwamba anayepigwa picha ametimiza miaka 18. Makubaliano yaandikwe kwa Kiswahili, yasainiwe siku kadhaa kabla, yaseme waziwazi picha zipi zitafutwa na nani atabaki na nakala, na yampe haki ya kusimamisha kazi katikati bila kupoteza malipo yake.

Penye ugumu zaidi ni hayo malipo yenyewe. Yakiwa madogo, ni unyonyaji. Yakiwa makubwa, yatamvuta binti anayedaiwa kodi ya chumba, na saini yake itakuwa ya shida kuliko ya hiari. Kanuni pekee ninayoona inaweza kupunguza hatari hiyo ni kwamba mtu asiyewahi kupigwa picha na mwalimu huyo akiwa amevaa, na kulipwa kiwango kilekile, asiombwe kuvua.