Walzi Haichezwi Sebuleni

Watu huniuliza kwa nini Nairobi imejaa wachezaji wa salsa na walzi, ile dansi ya jozi ya mapigo matatu, haina wenyewe. Wengi wana jibu tayari mfukoni: ati walzi ni ya Wazungu, ati sisi damu yetu inachemka, haiwezi mwendo wa pole. Mimi nasema sababu ni sakafu.

Salsa unaichezea papo hapo ulipo. Meza mbili zikisukumwa kando, baa yoyote ya mjini inatosha jozi kadhaa, na mwenye baa anafurahi kwa sababu wachezaji hupata kiu. Rumba na chachacha za mashindano nazo unaweza kujifunzia kwenye chumba cha kawaida kwa muda mrefu kabla hujahisi kubanwa. Lakini walzi, foksitroti na kwikstepi ni dansi za safari. Jozi huzunguka ukumbi mzima kinyume cha mwendo wa saa, inafuata ukuta, inakata kona, inafuata ukuta mwingine. Kwikstepi hukimbia kwa mapigo 200 na ushei kwa dakika. Ukiichezea sebuleni, hatua nne tu na uko juu ya kochi.

Mimi na mwenzangu tunajiandaa kwa shindano letu la kwanza, daraja la wanaoanza, na walzi ndiyo inayotutoa jasho. Mtu anayeitazama kwa mbali huona watu wawili wanaoelea. Ndani yake kuna kazi ya mguu isiyoisha. Mapigo huhesabiwa matatu matatu, na kwa dakika ni kati ya 84 na 90. Kwenye pigo la kwanza mwenzangu anakuja mbele kwa kisigino, goti limelegea, na mimi narudi nyuma kwa ncha ya mguu. La pili tunapanda. La tatu miguu inakutana tukiwa juu, kisha kabla pigo halijaisha tunashuka, taratibu, kwa mguu uleule uliobeba mwili. Ni hapo kwenye kushuka ndipo tunapoumbuka. Mwalimu wetu ana macho makali. Anaweza kusimamisha muziki kwa sababu ya kisigino kimoja kilichogusa chini mapema.

Na wakati wote huo mimi sioni ninakoenda. Mwanamke kwenye walzi huwa anarudi nyuma sehemu kubwa ya safari, kichwa amekielekeza kushoto, macho yanapita juu ya bega la kulia la mwenzake. "Usimtazame usoni, dada," mwalimu huniambia, "utavunja umbo lote." Kwa hiyo ninayemtegemea ni mwenzangu, kupitia mbavu na mkono ulio mgongoni mwangu. Kwa mtu aliyezoea kuvuka Tom Mboya Street akitazama pande zote nne, hilo si jambo dogo.

Sasa, hapa ndipo sakafu inapoingia. Kwenye shindano hamchezi peke yenu. Jozi kadhaa huwa uwanjani kwa wakati mmoja, muziki unapigwa kwa dakika moja na nusu hivi, na katika raundi za mwanzo majaji hawatoi alama za mtihani. Kila jaji anaweka alama kwa jozi anazotaka kuziona tena, basi. Ni kwenye fainali ndiko wanapanga wa kwanza, wa pili, hadi wa mwisho, katika kila dansi. Piga hesabu mwenyewe: jaji mmoja, jozi tele, dakika moja na nusu. Anakuona kwa sekunde chache. Kama sekunde hizo zimekukuta umesimama kwa sababu jozi nyingine imekuzibia njia, na mwenzako hajui kugeuza mkondo akatafuta upenyo, umekwisha. Ujuzi huo wa kupishana haufundishwi kwa maneno wala kwa video za YouTube. Unahitaji ukumbi mpana na jozi nyingine ndani yake, wiki baada ya wiki.

Sisi tunafanyia mazoezi wapi? Juu ya paa la ghorofa, kati ya matangi ya maji na kamba za nguo, jirani akiturushia jicho. Zege ni adui wa kiatu cha dansi. Soli ya kiatu hiki ni ngozi ya swedi, laini, yenye manyoya madogo, ili mguu uteleze kwa kiasi na ushike kwa kiasi. Vya kuagiza kutoka nje bei yake ni ya kutisha, kwa hiyo nilinunua viatu vya mitumba soko la Gikomba, vilivyofungika mbele, kisigino cha wastani, nikavipeleka kwa fundi palepale. Alivigeuza, akanitazama.

"Madam, unataka nitoe raba niweke hii? Utateleza uanguke."

"Ndiyo nataka iteleze, mzee wangu."

Akatikisa kichwa, akakata swedi kutoka kwenye buti kuukuu, akapiga gundi, akaning'ang'ania nisivivae siku ya mvua. Kazi yake ni safi kabisa. Fundi wa Gikomba ukimweleza vizuri hashindwi. Lakini zege la pale juu limeanza kuila ile swedi, na kila tukimaliza nakaa kwenye ngazi naisugua kwa brashi ya waya kutoa vumbi.

Ukumbi wa kukodi upo, sitasema haupo. Hoteli zinao, shule zinao, makanisa yanayo. Bei zao zimepangwa kwa harusi na semina. Wafundishaji wenyewe wa dansi hii mjini wanaishi kwa maharusi: bwana na bibi harusi wanakuja zikibaki wiki chache, wanafundishwa walzi ya dakika tatu wasiaibike mbele ya wakwe, kisha wanapotea. Siwalaumu walimu. Kodi ya nyumba haingoji mshindani akomae. Ila mji hauwezi kutoa washindani kwa njia hiyo.

Na huku tuna kumbi za kijamii. Tembea Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, utazikuta: Kaloleni, Pumwani, Jericho. Ule wa Kaloleni uko ndani ya mtaa uliojengwa miaka ya 1940. Babu zetu walizifahamu kumbi hizi kwa mikutano ya siasa, na kwa dansi pia. Vijana wa Nairobi ya wakati huo walivaa suti wakaenda kucheza kwa jozi, na hakuna aliyewauliza damu yao inachemka kwa nyuzi ngapi. Mabondia wengi wa Eastlands wamekulia kwenye kumbi kama hizi. Bondia anaingia na kamba yake ya kuruka, hakuna anayemshangaa. Sisi tulipokwenda kwenye ukumbi mmoja wa umma, ambao sitautaja, tuombe masaa mawili ya asubuhi siku ambazo umefungwa tu, mlinzi alitusikiliza kwa adabu, kisha akauliza, "Disko asubuhi yote hii?" Mkubwa wake alituambia tulete barua ya chama kilichosajiliwa, na tulipe ada ileile inayolipwa na kikundi cha watu 300.

Hapo ndipo nina ugomvi. Dansi ya mashindano ni mchezo unaotambuliwa. Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa ililitambua shirikisho lake la dunia mwaka 1997, na shirikisho hilohilo, WDSF, ndilo lililosimamia breki dansi kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 2024. Kama bondia anastahili kona ya ukumbi wa kaunti, na anastahili kweli, sioni kwa nini jozi sita za walzi ziambiwe zilipe kama harusi. Hatutaki viti, hatutaki jukwaa wala maturubai. Spika tunabeba wenyewe kwenye matatu. Swedi haikwaruzi mbao.

Kuhusu ile ya kwamba hii ni anasa ya Wazungu, nitajibu kwa kifupi kwa sababu inachosha. Nendeni Murang'a mkawaulize wazee juu ya mwomboko, dansi ya Wakikuyu. Kodiani inapigwa pamoja na kile chuma cha duara kinachogongwa, wanaume na wanawake wameshikana kwa jozi, hatua mbili na kujikunja. Waliona dansi za kigeni, wakachukua walichokipenda, wakakifanya chao, na leo mwomboko huchezwa kwenye sherehe za kitaifa kama urithi. Pwani nako, Lamu na Mombasa, vikundi vya beni, ngoma ya bendi na gwaride, vilishindana vikali kwa bendi na mavazi tangu enzi za mkoloni, kila mtaa na wafuasi wake. Kushindana kwa dansi tunakujua. Tusijifanye wageni.

Ninachotaka kaunti ifanye hakihitaji bajeti wala sherehe ya kukata utepe. Ichukue kumbi zake, itazame ratiba, saa zisizo na mtu iziweke wazi kwa vikundi vya mazoezi kwa ada ndogo, na ibandike ratiba hiyo mlangoni ili mlinzi asibaki akihukumu nani ni mwanamichezo na nani amekuja disko. Karate waingie, dansi waingie, wazee wa mwomboko waingie.

Barua tumeandika, chama tunasajili. Kwa sasa kuna shule moja iliyokubali kutupa bwalo lake Jumamosi asubuhi, tukiahidi kurudisha mabenchi kama tulivyoyakuta. Sakafu ni ya saruji laini, si mbao, lakini ina urefu wa kutosha kuimaliza kona bila kusimama. Jozi zinazoanza mnakaribishwa. Wanaume hasa, maana darasani kwetu wanawake tumezidi. Njooni na viatu visivyo na soli ya raba, na mfike mapema, mabenchi ni mazito.