Kombe la Stanley au dhahabu ya taifa: mchezaji wa hoki anadaiwa kipi?

Malindi barafu tunayoijua ni ya kuhifadhia samaki. Lakini Waitaliano wako hapa tangu enzi za mradi wa San Marco kule Ngomeni, miaka ya 1960, na runinga zao zilikuja nao. Kwa hiyo Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi ya 2026 ilipopelekwa Milano na Cortina, gumzo la hoki ya barafuni liliingia hadi kwenye baraza za kahawa, mahali ambapo kwa kawaida husikii ila Arsenal, Manchester United na bei ya petroli. Hoja ya vijana iliyotamba ilikuwa hii: mchezaji wa NHL, ile ligi kuu ya Marekani na Kanada, hana haja na medali ya nchi yake. Anachokitaka ni Kombe la Stanley, kombe la bingwa wa ligi hiyo, kwa kuwa ligi ndiyo inayomlipa. Wazee wakajibu kwa methali, mkataa kwao mtumwa, na wakaapa kwamba hakuna mwanamichezo mwenye akili timamu anayeiweka klabu mbele ya bendera.

Nionavyo mimi, vijana wamefika karibu na ukweli, ila kwa njia ya uongo. Wazee nao wana haki kwa nusu ya dunia ya hoki, na hawajui ni nusu ipi.

Tuanze na pesa, maana ndipo hoja ya vijana inapovunjika. Mshahara wa NHL hulipwa kwa msimu wa kawaida: mechi zaidi ya 80, hadi Aprili. Hatua ya mtoano inapoanza, mshahara umekwisha. Kinachobaki ni mgao wa mfuko wa bonasi, ambao kwa mtu anayelipwa mamilioni ya dola ni pesa ya kununulia viatu. Na huko kwenye mtoano ndiko kazi ngumu iliko. Kuna raundi nne, kila raundi anasonga aliyeshinda mechi nne kati ya saba, kwa hiyo bingwa lazima ashinde mechi 16 katika muda wa miezi miwili hivi. Mwaka 2013 Patrice Bergeron wa Boston alicheza mechi ya mwisho ya fainali dhidi ya Chicago akiwa na ubavu uliovunjika na bega lililoteguka, na baada ya mechi akagunduliwa kuwa pafu limetoboka. Boston ilishindwa siku hiyo. Anayedhani mtu hufanya hivyo kwa ajili ya bonasi hajawahi kuumwa ubavu.

Basi kama si pesa, ni mapenzi ya klabu? Hapana tena. Ray Bourque alikuwa beki na nahodha wa Boston kwa miaka mingi, mtu ambaye mji mzima ulimhesabu kuwa wake. Mwaka 2000 aliondoka kwenda Colorado kwa sababu umri ulikuwa unampita na Kombe hajalishika. Juni 2001, katika msimu wake wa 22 na wa mwisho, Colorado ikatwaa ubingwa. Nahodha Joe Sakic alipokabidhiwa Kombe hakulinyanyua kwanza kama ilivyo desturi. Alimpa Bourque palepale alinyanyue yeye. Kisha Bourque akalipeleka Boston, na maelfu ya watu wa Boston wakajaa uwanjani mbele ya ukumbi wa jiji kumshangilia na kombe lililotwaliwa na timu nyingine. Hebu fikiria shabiki wa Gor Mahia akishangilia kombe la AFC Leopards kwa sababu tu mchezaji wao wa zamani amelipata. Hapo ndipo utajua hatuzungumzii klabu.

Kombe hilo ni la fani. Lilitolewa mwaka 1892 na Lord Stanley, gavana mkuu wa Kanada wakati huo, likaanza kushindaniwa 1893, yaani miaka 24 kabla NHL yenyewe haijaundwa. Majina ya washindi huchongwa kwenye chuma chake. Kila mchezaji wa timu bingwa hupewa siku yake ya kukaa nalo wakati wa kiangazi, akalipeleka kijijini kwao, kanisani, ufukweni, kwa bibi yake. Wanaolithamini zaidi ni wachezaji wenzake, wale wanaojua maumivu ya Mei na Juni kwa sababu wameyapitia. Ukilishika, wenye kazi wamekukubali. Medali ya taifa ni ushahidi wa namna nyingine: wamekukubali watu wa kwenu, pamoja na wasiojua hata sheria ya mchezo.

Hapa nina kipimo ninachokiamini kuliko majibu ya mahojiano, maana katika mahojiano kila mtu huipenda nchi yake. Tazama mchezaji anadaiwa nini asichokuwa nacho.

Wayne Gretzky alitwaa Kombe la Stanley mara nne akiwa Edmonton. Dhahabu ya Olimpiki hakuipata kamwe kama mchezaji. Mwaka 1998 kule Nagano, NHL ilipowaruhusu wachezaji wake kwenda Olimpiki kwa mara ya kwanza, Kanada ilifungwa na Ucheki kwa mikwaju ya penalti katika nusu fainali, na kocha hakumpa Gretzky hata mkwaju mmoja. Alikaa benchi akitazama. Hata hivyo, nani aliyewahi kumpunguzia Gretzky hadhi kwa kukosa dhahabu? Sijamsikia.

Sasa mtazame Henrik Lundqvist, kipa wa Uswidi. Alitwaa dhahabu ya Olimpiki Torino 2006, na ubingwa wa dunia 2017. Kwa New York Rangers alikuwa mlinzi wa lango kwa misimu 15 na akafika fainali moja, 2014, wakashindwa. Kila sifa anayopewa New York huja na “lakini” yake, kwamba Kombe hakulipata. Alexander Ovechkin wa Washington naye alidaiwa deni hilohilo miaka na miaka, mpaka Juni 2018 alipolilipa na kuishia kuogelea kwenye chemchemi ya jiji kwa furaha. Medali ya Olimpiki hana hata ya shaba mpaka leo, na aliyevunja rekodi ya mabao ya Gretzky Aprili 2025 ni yeye huyohuyo. Sherehe za rekodi ile hazikuharibiwa na medali isiyokuwepo.

Kwa kipimo hiki Kombe linashinda, na silioni likishindwa karibuni kwa wanaume wa Amerika Kaskazini. Lakini vuka Atlantiki uone mambo yanavyogeuka. Mwaka 1994 Peter Forsberg alifunga mkwaju wa ushindi dhidi ya Kanada, Uswidi ikapata dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki katika hoki, na bao lile likachorwa kwenye stempu ya posta. Forsberg alikuja kutwaa Kombe la Stanley mara mbili. Stempu hawakumwongezea. Ucheki nako, dhahabu ya Nagano iliyoletwa na kipa Dominik Hašek, aliyewazima Wakanada kisha Warusi 1–0 katika fainali, ilijaza uwanja wa mji mkongwe wa Prague kwa umati ambao hakuna klabu ingeweza kuukusanya. Mtoto wa Ufini au Uswidi zamani alilala akiiota timu ya taifa, kwa sababu ndiyo aliyoiona kwenye runinga. Mechi za NHL zilichezwa usiku wa manane kwao. Mtoto wa Kanada aliota Kombe kwa sababu hoki ya NHL ilionyeshwa kwenye runinga ya sebuleni kwao kila Jumamosi. Siku hizi intaneti imezipunguza tofauti hizo, ndiyo maana Waswidi wa leo hulizungumzia Kombe kwa sauti inayofanana zaidi na ya Wakanada kuliko baba zao walivyofanya.

Jambo jingine ambalo baraza liliruka: “medali ya kimataifa” ni vitu viwili vinavyochanganywa. Mashindano ya dunia huchezwa kila mwaka mwezi Mei, wakati mtoano wa NHL unaendelea. Maana yake wanaokwenda ni wale ambao klabu zao zimeshatolewa au hazikufuzu. Mwaka 2024 David Pastrňák alitolewa na Boston yake, akapanda ndege kwenda Prague, na siku chache baadaye akafunga bao katika fainali ambayo Ucheki iliishinda Uswisi 2–0 nyumbani. Hadithi tamu, lakini kama Boston ingeendelea asingekuwepo. Medali inayotegemea kwanza ushindwe kwingine haiwezi kushindana na Kombe kwa haki. Olimpiki ni kitu kingine kabisa. Huko, NHL ikikubali, ligi husimama, wote huwa huru, na ndiyo sababu bao la Sidney Crosby katika muda wa nyongeza dhidi ya Marekani, Vancouver 2010, ndilo Mkanada wa kawaida atakalokutajia kwanza, kabla ya makombe yake matatu na Pittsburgh.

Upande wa medali una hoja moja nzito kuliko zote, na si ya hisia. Wachezaji wameipigania mezani. Mwaka 2018 NHL haikwenda PyeongChang: kamati ya Olimpiki ilikataa kulipia safari na bima kama zamani, na wamiliki hawakutaka kusimamisha ligi bure. Walikuwa bado na kumbukumbu ya Sochi 2014, ambako John Tavares aliumia goti akiichezea Kanada na New York Islanders wakamkosa msimu wote uliobaki. Ovechkin alitangaza angekwenda PyeongChang hata wakimkataza, kisha akasalimu amri. Chama cha wachezaji hakikusahau. Mkataba wake na ligi ulipoongezwa mwaka 2020, ushiriki wa Olimpiki za 2022 na 2026 uliandikwa ndani yake. Ile ya Beijing ilikuja kufutwa kwao na korona, lakini ya Milano ilibaki. Watu wasiojali medali hawatumii nguvu zao za mezani kuidai.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema mchezaji “huchagua”. Eliud Kipchoge alichagua. Ana dhahabu mbili za marathoni ya Olimpiki, ameshinda Berlin mara tano na London mara nne, na kalenda yake aliipanga mwenyewe na watu wake. Mchezaji wa hoki ni mwajiriwa. Mwajiri akisema Februari hakuna ruhusa, basi hakuna. Sehemu ya ukubwa wa Kombe inatokana na ukweli kwamba lipo karibu kila mwaka, wakati Olimpiki huja kila miaka minne na huenda mlango ukawa umefungwa. Kijana aliyefikia kilele cha umri wake kati ya 2015 na 2025 hakupata nafasi hata moja.

Ushahidi mzuri zaidi uko kwa wanawake, na nashangaa hautajwi. Hao kwa miongo hawakuwa na ligi ya kuaminika, zilianzishwa, zikafa. Olimpiki ndiyo iliyokuwa kila kitu. Marie-Philip Poulin wa Kanada anajulikana duniani kwa mabao ya fainali za Olimpiki, yakiwemo mabao ya ushindi ya 2010, 2014 na 2022. Hakuna aliyemdai kombe la ligi, kwa kuwa hakukuwa na ligi iliyodumu ya kumdai. PWHL, ligi ya kulipwa ya hoki ya wanawake ya Marekani na Kanada, ilianza Januari 2024, na Minnesota ikatwaa ubingwa wa misimu miwili ya kwanza. Ikidumu miaka 20, tutaanza kusikia “lakini” ikiongezwa kwenye jina la mchezaji mwenye dhahabu tatu asiyewahi kutwaa ligi.

Na sisi je? Hoki yetu ni ya nyasi, na kwa pwani hii ukitaka kuiona itabidi uteremke Mombasa. Kenya ilishika nafasi ya nne katika Kombe la Dunia la kwanza kule Barcelona, 1971, na ya sita Olimpiki ya Tokyo, 1964. Avtar Singh Sohal alicheza Olimpiki nne. Leo vijana hawalijui jina lake, ingawa ukiwauliza ni Mkenya gani alibeba Ligi ya Mabingwa wa Ulaya watakujibu McDonald Mariga bila kufikiri, aliyekuwa benchi Inter ya Milano ikitwaa kombe mwaka 2010. Wanaume wetu wa hoki hawajarudi Olimpiki tangu 1988. Afrika Kusini imekuwa ikiziba njia kwa muda mrefu. Katika miaka hiyohiyo wanawake wa Telkom walikuwa wakitwaa ubingwa wa klabu za Afrika mara kwa mara. Mchezaji wa namna hiyo ukimuuliza kati ya Olimpiki na kombe la klabu, atakujibu Olimpiki hata hujamaliza swali. Lakini makabati yao yamejaa makombe ya klabu, na ndiyo yaliyowapa wengi wao ajira.